Sauti ya Kukaa Chini

Martine hakuwa mwimbaji. Hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, kwa sababu baadaye watu wa Likasi walimwita mwimbaji, na waliomwita hivyo ndio waliomharibia. Alikuwa mke wa Firmin wa kambi ya wafanyakazi ya Shituru, pembeni mwa Likasi, mwanamke wa kuchota maji, kusonga bukari na kufua nguo za kazi ambazo asidi ya kiwandani ilizila polepole hadi suruali ikabaki kama wavu. Shuleni hakwenda. Kanisani aliimba katikati ya safu pamoja na wengine, na hakuna padri aliyewahi kugeuka kutafuta ile sauti inatoka wapi.

Nyumba yao ilikuwa ya kampuni. Unga ulikuwa wa kampuni, hospitali ya kampuni, taa ya barabarani ya kampuni. Mwanaume akifukuzwa kazi leo, gari la kuhamisha vyombo hufika kabla majirani hawajamaliza kumpa pole. Kila mwanamke wa kambi alilijua hilo, na wanaume walijua kwamba wake zao wanalijua. Ndoa nyingi pale zilisimama juu ya jambo hilo moja.

Mungu alimpa mtoto mmoja, Élise, na wa pili hakuja. Mwaka ambao surua ilipita kambini wakati wa baridi, ilimchukua Élise akiwa ameanza kupoteza meno ya utoto. Jirani mmoja alisema ni mapenzi ya Mungu, akaenda kufunga mlango wake ili mapenzi hayo yasiingie kwake.

Matanga yalifanyika kama yanavyofanyika. Wanaume nje, wamezunguka moto. Wanawake ndani, chini, juu ya mikeka, vichwa wazi bila vitambaa, kwa kuwa mbele ya maiti mtu hakai juu wala hajipambi. Wazee walilia kwa maneno, kama desturi: Élise, unatuachia nani, Élise, nani atakwenda dukani, Élise, umemkosea nini mama yako. Martine naye alilia kwa maneno siku ya kwanza. Siku ya pili maneno yakamwishia. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Akaufunga. Hapo ndipo ilipotoka.

Haikuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya kifuani, nzito, midomo ikiwa imefungwa, isiyo na mahali inapoanzia. Ilipanda kidogo ikakaa pale, ikakaa sana, kisha ikashuka upande mwingine. Simone, mjane aliyeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kando ya reli, alikuwa mlangoni anaosha vikombe. Katika beseni lake kulikuwa na nusu kibuyu kinaelea kichwa chini. Akakipiga kwa kiganja, bila kufikiri, kisha tena, si kwa kufuata mapigo yoyote, ila pale Martine alipoacha nafasi. Nje, kwenye moto, mtu mmoja aliyeitwa Damas alikuwa na gitaa magotini. Alikuwa ameshindwa kupiga tangu asubuhi, kwa sababu nyimbo zote alizozijua zilikuwa za baa. Sasa akakwaruza uzi mmoja, akaungoja ufe wenyewe.

Wanawake wakanyamaza. Hata bibi mmoja aliyekuwa amesimama dirishani akivuta ugoro, akavua kitambaa chake akakaa chini.

Tangu siku hiyo, kifo kikitokea Shituru, wale watatu waliitwa. Na watu wa kambi wakazoea jambo moja ambalo huwezi kulikuta kwingine: ukisikia ile sauti, popote ulipo, unavua kitambaa na unakaa chini. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Magoti yalijifunza yenyewe.

Baada ya matanga Firmin alirudi kazini, akataka nyumba nayo irudi. Hakutaka kilio ndani. Hakupiga; Firmin hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kuinuka na kutoka, na akirudi anauliza chakula kama anayezungumza na dirisha la kantini. Nguo za Élise alizipeleka kwa dada yake bila kumuuliza aliyezishona. Jina la mtoto hakulitaja tena, na Martine akilitaja, Firmin hutazama mlango. Majirani, kwa upande wao, waliendelea kumwita Mama Élise, kwa kuwa mwanamke pale hana jina jingine. Kwa hiyo kila asubuhi bombani alipigwa usoni na jina ambalo nyumbani alikatazwa.

Simone ndiye aliyeona kwamba mwenzake anakaukia ndani. Jumapili moja baada ya misa alimvuta mkono hadi kando ya reli, penye majani marefu, ambako kulikuwa na tangi la maji la zamani, la enzi zile treni zilipokuwa zinakunywa maji. Lilikuwa limelala ubavu. Watu walikuwa wamelikata kipande cha bati, pakabaki uwazi kama mlango. Simone alihifadhi mitungi yake humo, kwa sababu ya kivuli.

“Lilia humu, mama,” alimwambia. “Humu hakuna muntu wa kukuuliza bukari.”

Martine akaitoa ile sauti. Tangi likaipokea, likaizungusha, likakataa kuirudisha. Alinyamaza, na tangi likaendelea. Alishtuka hata akakaa juu ya mtungi, na Simone akacheka hadi akajifuta macho, akisema amemleta mwenzake kulia, sasa chuma ndicho kinacholia.

Jumapili iliyofuata walikuja na Damas. Zamani Damas alipiga katika bendi ya baa moja ya mjini, watu wenye makoti yanayofanana. Mwenye amplifaya alipohama, bendi ikahama naye, isipokuwa Damas. Sasa alifagia uwanja wa mabehewa. Gitaa lake lilikuwa limebaki na nyuzi chache, na Simone alisema zinafanana na meno ya nkambo wake, yule babu aliyetafuna miwa hadi siku ya kuzikwa. Kwanza Damas alijaribu rumba. Ndani ya tangi rumba iliharibika vibaya. Noti zilirudi zikagongana zenyewe kwa zenyewe, kama walevi wanaotoka mlango mmoja. Ikabidi aanze upya. Alichukua mpini wa kijiko, akautelezesha juu ya waya polepole, akaacha, akasikiliza tangi linasema nini, ndipo akajibu.

Namna yao ya kufanya kazi haikufundishwa na mtu, na ilikuwa kazi, ingawa hakuna aliyewalipa. Walikaa kimya, migongo kwenye chuma, bila kutazamana, hadi mmoja achoke na ukimya. Anayeingia haingii juu ya mwenzake, anaingia kando yake. Damas akipanda, Martine hapandi. Simone akijaza, wawili wanapungua. Na jambo gumu kuliko yote: ukitoa kitu kizuri, unakiacha. Ukikirudia kwa sababu umekipenda, kinakufa mkononi. Hapo Simone ndiye aliyekosea zaidi. Alikipenda sana kile kibuyu kinapomeza hewa chini ya maji, na alikimezesha tena na tena, mpaka Damas aweke gitaa chini amtazame.

“Ba Damas, nilikuwa ninatafuta mwisho,” Simone alijitetea.

“Mwisho ya nini, mama? Hapa haiko gare ya treni.”

Kila walipokaa, ilitoka nyingine. Bati la tangi jua likilipasha moto lililia kama vidole vinavyovunjwa, na mlio huo ukaingia. King'ora cha kiwanda cha kubadilisha zamu kikaingia. Treni ya mawe ya shaba ilipokuwa mbali bado, Martine alikuwa wa kwanza kuihisi, kwa makalio kabla ya masikio, naye akashuka chini kabisa kwa sauti akaingoja, hivi kwamba treni ilipofika haikuwakatiza; ilifika ikiwa tayari imo ndani ya sauti yake. Kisha ikaenda, na wao wakabaki na nafasi iliyoachwa. Damas alisema bendi yake ya zamani ilikuwa na watu watano, hii ina watu watatu na reli, na reli haiombi bia.

Humo Martine hakuwa anamlilia Élise. Alikuwa anakaa naye. Nyumbani ilimpasa kumtaja na hakuruhusiwa; tangini hakuhitaji kumtaja. Basi hiyo ndiyo mali aliyobaki nayo, ile sauti na lile shimo la chuma. Vingine vyote vilikuwa vya kampuni.

Ilikuwa miaka ile ambapo serikali iliwavua watu majina ya ubatizo. Hata padri aliogopa kuyatamka, na watu wakayatumia nyumbani tu, kama nguo ya ndani. Chama kilikuwa kila mahali. Kila kiwanda, kila ofisi, kila kambi ilikuwa na kundi lake la animasyo, yaani watu wa kuimba na kucheza kumsifu kiongozi, jioni baada ya kazi, wake kwa waume, kwa filimbi. Asiyefika aliulizwa. Kundi la Shituru liliongozwa na mtu aliyetaka aitwe Citoyen Kyungu, yaani Raia Kyungu; mama yake mzazi, akimwita nje ya uwanja, bado alipaza sauti: Séraphin, uji unapoa. Alikuwa mwanaume nadhifu, mwenye filimbi shingoni kama mtoto mwenye hirizi, na hakuwa mtu wa kambi. Alikulia mjini na kusoma Kinshasa, na matanga ya Shituru hakuwahi kuyakalia.

Firmin alikuwa anautazama ukuu wa zamu. Mkuu wa zamu ana nyumba ya vyumba vinne na bomba lake ndani. Na mwanaume anayetafuta cheo hana mke, ana ngazi. Ni Firmin aliyemwambia Séraphin kwamba mke wake ana kitu, kitu cha mababu, ambacho kundi jingine lolote la mkoa halina. Hakumwambia ni cha nini.

Wakaja pamoja, Jumapili, wakasimama kwenye uwazi wa tangi wakaziba mwanga. Wale watatu hawakuacha mara moja, kwa sababu ndani mle huwezi kuacha mara moja. Séraphin alisikiliza, na alipokuwa anasikiliza, kidole chake kilikuwa kinagonga chuma, pa pa pa, mapigo yake mwenyewe. Martine alikiona kile kidole, na moyo wake ukajua.

Séraphin alisifu. Alisema mkubwa mmoja anakuja kutoka Kinshasa kutazama kiwanda, na kwamba kitu hiki ni authentique kabisa, cha asili halisi, kinahitaji kurekebishwa kidogo tu. Watu wasikilize kitu kisichosema chochote? Kitatiwa maneno.

Martine alimwambia ukweli. Watu waliosema baadaye kwamba alinyamaza makusudi, wamsikie hapa.

“Citoyen, ile haiko wimbo. Ile ni ya matanga. Bantu ba hapa bakisikia ile, banakaa chini.”

“Bakae, basimame, haina kitu,” alisema Séraphin. “Mukubwa atasikia jina yake ndani. Ile njo kazi, ile tu.” Kisha akamgeukia Firmin, kama anayeuliza bei kwa mwenye duka.

“Bibi yangu ataimba, chef,” alisema Firmin. “Ni miye nasema.”

Jioni hiyo nyumbani Martine alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi: alikaa mbele ya mume wake akiwa bado anakula. Alimwambia asimfanyie hivyo. Kama ni kuimba, ataimba zile nyingine zote, atacheza, atavaa vitenge vyao, ila ile wamwachie. Firmin alimega bukari, akaichovya, akaila. Alisema yeye naye hapendi. Alisema mtu akikataa, jina lake linaandikwa mahali, na mwenye jina lililoandikwa hapandi cheo, na pengine hata alipo habaki.

“Ile njo Élise,” Martine alisema.

Firmin aliacha kutafuna. Kwa muda mfupi alifanana na yule kijana aliyemwoa.

“Élise alikufa,” akasema. “Nyumba njo inabakia.”

Akanawa mikono.

Mazoezi yalikuwa katika ukumbi wa kambi, wenye dari ya chini na mabenchi. Pale sauti haikukaa. Ilianguka sakafuni palepale ilipotoka. Séraphin aliipanga. Filimbi ya kwanza, Simone anaanza, mapigo sawasawa, asicheleweshe. Filimbi ya pili, Damas. Aliletewa nyuzi mpya ili gitaa litimie, na aliagizwa apige rumba ya taratibu, kwa kuwa mkubwa anapenda rumba. Filimbi ya tatu, Martine ananguruma kidogo, si sana, kisha anaingiza maneno: karibu baba, karibu mwanga wetu, na jina. Filimbi ya nne, kundi zima linapiga makofi kwa mpango. Jana hivyo, leo hivyo, kesho hivyo. Martine alijisikia kama mtu anayeamshwa kila siku na kuamriwa aote ndoto ya juzi.

“Sasa tuko na gare,” Damas alinong'ona akikaza nyuzi zake mpya. Simone hakucheka.

Siku yenyewe walipelekwa uwanjani asubuhi na mapema. Wanawake walipewa vitenge vyenye picha ya kiongozi, nguo na kitambaa cha kichwa vya kufanana. Watoto wa shule walipewa bendera za karatasi. Jua likapanda. Mkubwa hakuja. Mwanamke mmoja mjamzito alianguka, akainuliwa, akarudishwa safuni. Mkubwa alifika mchana, mnene, mpole usoni, ana fimbo na kofia, na nyuma yake askari na wakubwa wengine ambao kazi yao ilikuwa kucheka anapocheka.

Kundi liliimba zile za kila siku, likacheza. Ikafika zamu ya wale watatu. Filimbi, Simone. Filimbi, Damas na rumba yake. Filimbi, Martine. Alinguruma kama alivyopangiwa, si sana, akavuta pumzi ili atoe “karibu baba”.

Hapo treni ya mawe ikaingia Shituru.

Uwanja ulikuwa karibu na reli. Martine aliihisi kwenye nyayo kabla mtu yeyote hajaisikia, na mwili wake haukumwomba ruhusa. Ulishuka chini kwa sauti, kwenda kuingoja treni mahali inapofikia. Maneno yalibaki mdomoni kama punje za mchanga. Kiganja cha Simone kikachelewa, kikaingia pale penye nafasi. Damas akaiacha rumba katikati, kama mtu anayeachia mzigo wa watu, akashika uzi mmoja tu. Na ile sauti ikatoka pale juani, hadharani, kama inavyotoka.

Bibi mmoja wa safu ya mbele, yule yule mvuta ugoro, alikuwa wa kwanza. Alivua kitambaa chenye picha, akakikunja, akakaa chini vumbini. Aliye kando yake akafuata. Kisha safu nzima, kisha safu ya nyuma, na akina mama wakawavuta watoto wenye bendera wakakaa nao. Wanaume wakavua kofia wakachuchumaa. Hakuna aliyeagizwa, na wengi hawakujua kwamba wamekaa mpaka walipohisi joto la ardhi. Uwanja mzima wa Shituru ulikuwa chini, vichwa wazi, kimya. Waliobaki wamesimama ni mkubwa na watu wake, askari, na Séraphin akiwa na filimbi mdomoni asiweze kuipuliza.

Martine alifungua macho akaona. Kwanza aliogopa: wamefanya matanga ya mtu aliye hai, mbele ya askari wake, mchana. Halafu chini ya hofu kukaja kitu kingine, kidogo, kitamu, na hebu tusimnyime. Alifikiri sasa imekwisha. Wataadhibiwa, watatukanwa, na hakuna atakayeitaka tena ile sauti. Itarudi tangini, kwake.

Mkubwa aliinama akamuuliza Séraphin jambo. Kila mtu aliona midomo ya Séraphin inatafuta. Alikuwa na jasho hadi kwenye kola. Kisha akapata jibu, akalisema kwa nguvu ili walio karibu wasikie na kulikariri: kwamba ndivyo watu wa huku wanavyompokea chifu mkuu, hawathubutu kusimama wala kujipamba mbele yake.

Mkubwa alitazama ule uwanja uliokaa chini. Macho yake yakalowa. Akaweka fimbo kwapani, akapiga makofi, taratibu, na wakubwa wote wakapiga. Alisema amezunguka nchi nzima na hajaona heshima kama hii. Alisema ifanywe hivi hivi kila mara, na kambi nyingine nazo zikafundishwe.

Wanawake, wakiwa chini, walitazamana. Simone aliinamisha kichwa juu ya beseni.

“Tangu nizaliwe,” alimwambia Martine kwa pembe ya mdomo, “sijaona maiti inapiga makofi.”

Ulikuwa mzaha mzuri. Ulizunguka kambi nzima kwa siku chache, kwa kunong'ona. Kisha ukaisha, na agizo likabaki.

Wakaipa jina: Heshima ya Likasi. Kila mgeni, kila sherehe, kila ufunguzi. Waliwekwa kwenye lori wakapelekwa hadi kambi ya Kakanda kuwafundisha wengine. Filimbi, sauti inatoka. Filimbi, watu wanavua vitambaa wanakaa. Filimbi, wanainuka, makofi ya mpango mara tatu. Firmin alipata ukuu wa zamu na nyumba ya vyumba vinne. Baada ya muda alipata pia mwanamke mjini, ofisi ya pili kama wanavyosema, msichana ambaye hakuwa na huzuni yoyote ndani yake, na ndilo alilompendea. Martine aliogea maji ya bomba la ndani.

Damas alitoroka. Jumapili moja hakuonekana, na ikasemekana amevuka kwenda Zambia. Zile nyuzi mpya alizichomoa akazining'iniza kwenye msumari wa kibanda cha Simone, akaondoka na zake kuukuu. Mwanaume anaweza kuondoka na gitaa. Martine angeondoka na nini, aende kwa nani? Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Mwanamke anayemwacha mtu wa kampuni, hata ndugu zake wanamwona mwendawazimu. Séraphin alimweka mpiga gitaa mwingine ndani ya wiki ileile.

Basi Martine akasema koo linamuuma. Alitegemea kwamba bila yeye hakutakuwa na kitu. Séraphin alimpa pole, akamwambia apumzike. Alikuwa amekwisha kuwaandaa wasichana wawili, waliojifunza ile sauti kwa mchana mmoja. Waliitoa vizuri. Martine aliwekwa safuni pamoja na wake wengine, na filimbi ilipolia alivua kitambaa chake akakaa vumbini, akisikiliza kilio cha mtoto wake kutoka kinywani mwa msichana ambaye, akimaliza, alirudisha peremende shavuni. Alikaa mpaka filimbi ya kuinuka. Sherehe iliyofuata koo lilikuwa limepona. Alirudi mbele mwenyewe, kwa kuwa afadhali kuiua kwa mkono wako kuliko kushikiliwa utazame.

Mara moja tu yeye na Simone walirudi tangini. Walikaa migongo kwenye chuma, wakangoja. Sauti ilipotoka, ilikuwa na urefu wa filimbi. Ilipanda pale pa kupanda, ikaishia pale pa kuishia, na Simone akapiga mapigo sawasawa bila kutaka. Tangi liliipokea yote, likaizungusha kwa uaminifu, na Martine ikabidi asikilize hadi mwisho. Simone alitoa mitungi yake nje, na siku hiyo akaihamishia mahali pengine.

Mwaka wa pili wa mambo hayo, jirani yao wa zamani Colette, mke kijana bado, alifiwa na mtoto wake wa kwanza, hata kutembea alikuwa hajaanza. Martine alitoka nyumba yake ya vyumba vinne akaenda kambini kwa miguu. Hakuitwa, alifikiri wamesahau kumwita kwa sababu ya haraka. Simone alikuwa amefika, ana beseni. Wanawake walikuwa chini, vichwa wazi. Martine akakaa kati yao, karibu na Colette. Akafumba macho na kumtafuta, si Élise tu, na huyu pia. Akaifungua ile sauti.

Mlangoni mwanamke mmoja akapiga makofi. Mara tatu, kwa mpango. Hakuwa na ubaya wowote, mikono ilijipigia. Mwingine akaanza, akashtuka, akaificha mikono yake chini ya kitenge. Na pembeni mwanamke mzima akainuka nusu, kama aliyesikia filimbi, akabaki ameinama hivyo hivyo asijue afanye nini.

Colette aliinua uso. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, wala hakuwa na hasira. Alimshika Martine goti.

“Apana ile, mama,” alisema. “Ile ni ya chama.”

Martine akanyamaza. Chumba kilikuwa kidogo, na sauti haikubaki. Bibi mmoja akaanza kwa maneno, kama desturi: mtoto, unatuachia nani, mtoto, umemkosea nini mama yako. Wanawake wakapokea, na Martine akapokea nao, kwa maneno, kama wanavyolia watu wote. Simone aliosha vikombe polepole sana ili maji yasifanye kelele.

Ijumaa kulikuwa na mazoezi. Akaenda.